San Andreas ya rimasta: ninunue hii mpya au nitafute ya PS2?

mwana_wa_Temeke

Wakuu habari za wikiendi. Naomba msaada kwa wanaofuatilia magemu. Mdogo wangu kaleta PS4 nyumbani, na kwenye duka la PlayStation nimeiona ile GTA Trilogy ya rimasta (yaani gemu za zamani zilizosafishwa upya), GTA III, Vice City na San Andreas zote tatu pamoja, bei imeshuka na mimi natamani niichukue kwa ajili ya San Andreas tu, hizo mbili zingine nyongeza.

Sisi rika letu San Andreas ndo imetukuza. Banda la gemu PS2 mbili, benchi la mbao, mmoja kashika pedi na kumi wamesimama nyuma yake, na kuna dogo kazi yake ni kusoma chiti kwenye karatasi ya daftari, "R1 R2 L1 X kushoto chini kulia juu, kushoto chini kulia juu", hela inaingia damu inajaa banda zima linashangilia. Misheni ya treni na Big Smoke ilikuwa inagombanisha watu. Kwa hiyo kwangu hii siyo gemu ya kupitisha muda.

Sasa kila nikisoma maoni ya watu nachanganyikiwa. Wanasema ilipotoka 2021 ilikuwa mbovu mpaka Rockstar, wenye gemu, wakaomba radhi, wengine wanasema tangu patchi (marekebisho) ya 2024 iko safi. Maswali yangu, kwanza inakuwaje kampuni yenye hela zile inachukua gemu yake yenyewe ambayo tayari watu wanaipenda alafu inaitoa ikiwa mbaya kuliko mwanzo, wakati Capcom wamerudia Resident Evil 4 na dunia nzima imesifu? Pili kwa saivi nichukue hii au nitafute PS2 na diski yake mtumba? Naomba majibu ya waliocheza kweli siyo waliosikia.

fundi_pedi_Mwanza

Mkuu swali lako la kwanza watu wengi wanalijibu juu juu tu, eti Rockstar wavivu, basi. Ngoja nieleze ilivyokuwa maana nimeifuatilia hii ishu tangu inatangazwa.

Ile rimasta Rockstar hawakuitengeneza kwa mikono yao, waliipa studio ndogo ya Florida inaitwa Grove Street Games, zamani ikiitwa War Drum Studios. Hao ndo wale wale waliohamishia GTA kwenye simu, San Andreas ya simu ilitoka mwishoni mwa 2013. Na hapo ndo penye mzizi, kwa sababu rimasta ya 2021 haikuanzia kwenye ile ya PS2 uliyocheza bandani, ilianzia kwenye hii ya simu, wakaipandisha juu ya Unreal Engine 4, injini ya kuundia magemu. Ile ya simu nayo ilikuwa imeshapoteza vitu njiani, na ile ya kompyuta kabla yake hivyo hivyo. Kila gemu ilipohama kuna kitu kilibaki nyuma, alafu wao wakaanzia mwisho wa safari badala ya kurudi ilikotoka.

Vitu gani? Kumbuka Los Santos, ule mji wa ndani ya gemu, kwenye PS2 mchana, hewa yote ina rangi ya chungwa, unaona kabisa huu ni mji wa joto na moshi wa magari. Ukifika San Fierro panapoa, kijivu na ukungu, ukiingia jangwani rangi inageuka tena. Ile ni kazi ya watu walikaa wakapanga, PS2 ilikuwa inapaka rangi juu ya picha nzima kabla haijafika kwenye tivi, kila eneo na saa yake. Rimasta ilipotoka ile hewa haikuwepo, anga la bluu, kila kitu kinang'aa kisafi, Grove Street, mtaa wa CJ tunayemchezesha, ikaonekana mtaa wa watu wenye nafasi zao.

Alafu ukungu. PS2 ilikuwa na RAM ya MB 32 na ya picha MB 4 tu, isingeweza kuchora mbali, kwa hiyo mbali pakafunikwa. Lakini ule ukungu ukawa unafanya kazi nyingine, unaendesha pikipiki toka Los Santos kwenda kijijini hujui mbele kuna nini, unaona jimbo halina mwisho. Mwaka 2021 jamaa wakaona mashine mpya zina nguvu, wakautoa. Matokeo yake ukiruka na ndege juu kidogo unaiona Los Santos, San Fierro na Las Venturas zote tatu kwa mpigo, ndo unagundua ni hatua chache tu toka mji mmoja hadi mwingine. Gemu ikawa ndogo kwa sababu ya kuona vizuri.

Na hili la tatu ndo lililoniuma kuliko yote. Picha za zamani za kuta, mabango, nguo, nyingi walizikuza kwa akili bandia, programu inapokea picha ndogo inatoa kubwa. Programu haijui kusoma, kwa hiyo mabango kibao yakatoka herufi zimekosewa. Lipo duka la donati linaitwa Tuff Nut, pale juu ishara yake ilikuwa nati kubwa ya bolti, ile yenye pembe sita, aliyeichora alikuwa anatania jina la duka, maana nut kwa Kiingereza ndo nati. Kwenye rimasta pembe zote zikalainishwa, nati ikatoka mviringo, utani umekufa. Ukiangalia nati hiyo moja unaelewa gemu nzima ilipitia mikononi mwa watu ambao hawakupewa muda wa kuangalia wanachokigusa. Na mvua usiseme, ilikuwa mistari meupe mizito mbele ya macho huoni unakokwenda, hiyo waliirekebisha mapema.

Capcom wao Resident Evil 4 ya 2023 hawakuikuza, waliitengeneza upya toka chini kwa injini yao, wakiwa na watu wanaoijua ile ya 2005 nje ndani. Hiyo ni rimeki, na inakula miaka na hela. Lakini hata rimasta inaweza kutoka vizuri bila kuanza upya, kinachotakiwa ni aliyeshika kazi ajue kwanini kila kitu kiliwekwa pale.

Swali la pili nawaachia wengine, mimi PS4 sina.

Zai_anacheza

Fundi umemaliza. Mimi naongezea kitu kimoja ambacho hakuna patchi itakayokirudisha nacho ni redio.

Nyimbo za kwenye magemu yale Rockstar hawazimiliki, walikodi, na mikataba inaisha. Vice City ya mwanzo 2002 ulikuwa unaingia kwenye gari unamsikia Michael Jackson, matoleo ya baadaye hayupo. San Andreas 2014 ilipata apdeti kwenye kompyuta wakakata nyimbo, kina Rage Against the Machine na Ozzy Osbourne, na watu walikuwa wameshalipia gemu lao zamani wakaamka asubuhi redio imepungua. GTA IV nayo ilipotimiza miaka kumi 2018 ikapigwa panga hivyo hivyo. Rimasta ilipokuja haikuzirudisha.

Kwangu mimi redio ya San Andreas ni nusu ya gemu. Mtu anayetaka San Andreas nzima kama ilivyotoka 2004, ipo sehemu moja, kwenye diski ya zamani. Kwa hiyo mleta mada usiidharau ile diski ya mtumba.

Otis_254

Mimi nitasema tofauti kidogo, msinirukie.

Nimeicheza hiyo rimasta yote mpaka mwisho kwa PS4, baada ya ile patchi ya Novemba 2024, na nimeienjoy sana. Watu wengi wanaoitusi wanaongea juu ya ile ya 2021. Kwanza kulenga bunduki kumebadilika, kwa PS2 kulenga ilikuwa shida tupu lakini saivi inashikika kama GTA V. Kuna gurudumu la kuchagua silaha, hausongi moja moja tena huku unapigwa. Ukifeli misheni unaanza tena hapo hapo, hakuna mambo ya kuamkia hospitali bila bunduki alafu uendeshe gari kilomita zote zile kurudi. Hiyo treni ya Big Smoke mnayoilalamikia, nimeirudia na kuirudia bila hasira kwa sababu ya hicho kitu tu.

Na hiyo patchi ya 2024 imerudisha zile rangi Fundi anasema. Kuna seti ya mwanga wa zamani, ukiiwasha anga inarudi vile ilikuwa, na umbali umefunikwa tena. Hiyo kazi ilianzia kwa toleo la simu la Desemba 2023, lile lililokuja na Netflix, lilitengenezwa na studio ingine ya Australia, Video Games Deluxe, ndio ikaletwa kwa konsoli mwaka uliofuata. Hao walirudi wakaangalia ile ya kwanza ilikuwa inakaa aje. Mpaka jina la Grove Street Games likatolewa pale mwanzo gemu ikifunguka, na hiyo mimi sikuipenda, kwa sababu watu walifanya kazi hata kama ilitoka mbaya, na waliopanga tarehe na bajeti hawakuwa wao.

Mtoto wa sista yangu ako na miaka kumi na mbili, nilimwekea ile ya PS2 akachoka kwa dakika chache, akasema haoni kitu. Hii mpya ameimaliza. Sasa kama hakungekuwa na rimasta huyo San Andreas angeisikia tu kwa story.

kodi_na_kahawa

Otis uko sahihi kwa upande wa kuchezeka, sina ubishi. Ubishi wangu mimi uko kwingine kabisa, kwenye kuondoa la zamani.

Oktoba 2021 kabla rimasta haijatoka, Rockstar waliyatoa madukani matoleo ya zamani ya zile gemu tatu. Ukiwa na kompyuta ya kawaida ukawa huna tena pa kununua. San Andreas ya zamani ilikuwa inataka RAM ya MB 256 na nafasi ya kama GB 3.6, hiyo inakubali kwenye kompyuta yoyote ile iliyobaki ofisini. Trilogy inataka RAM GB 8 na nafasi GB 45 na kadi ya picha ya maana. Fikiria mtu wa Kigoma au Bujumbura mwenye laptopu ya mtumba, umemfungia mlango alafu unamwambia umemboreshea. Na ukinunua hiyo mpya ya dola 60 siku ya kwanza, toleo la kompyuta likazimwa siku kadhaa hakuna anayecheza. Tarehe 19 Novemba ndo wakaomba radhi na kuahidi kurudisha yale ya zamani ya kompyuta kwenye duka lao.

Na kabla ya hapo, Februari mwaka ule ule, kuna vijana walikuwa wameifumua GTA III na Vice City mpaka kodi yake (maandishi ya programu) ikaandikwa upya kwa mikono, inaitwa re3, ikawa inacheza mpaka kwenye vimashine ambavyo gemu hizo hazikuwahi kutolewa kwa ajili yake, na bado ulihitaji kuwa na gemu lako halali. Take-Two, kampuni mama ya Rockstar, wakaiondoa, Septemba wakawapeleka mahakamani. Sheria iko upande wa kampuni sawa, lakini watu walioonyesha wanalijua lile gemu mpaka mfupa ndo walioshtakiwa, na kazi rasmi ikatoka vile mnavyojua. Hii inaniuma mpaka leo.

Capcom hapo waliwashinda. Resident Evil 4 ya 2005 iliachwa inauzwa pembeni ya rimeki, unachagua mwenyewe. Na 2024 wakazileta zile tatu za kwanza kabisa kwenye duka la GOG, zikiwa vile vile zilivyokuwa, zinakubali kwenye Windows za sasa. Kuna taasisi ya Marekani ya kutunza historia ya magemu, Video Game History Foundation, 2023 walitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayauzwi tena popote kihalali. Asilimia 87! Rimasta ni nzuri lakini isiwe sababu ya kuzika orijino.

tivi_ya_chogo

Nimependa uzi huu. Kuna upande haujaguswa, kwamba mara nyingine hata wakitaka kufanya vizuri malighafi haipo.

Kingdom Hearts ya 2002, Square walipotaka kuitoa upya kwa PS3 wakakuta kazi yao wenyewe ya mwanzo imepotea, ikabidi watoe vitu kwenye gemu lililokuwa sokoni wakajenga upya, ikatoka 2013. Silent Hill HD ya 2012 ndo mbaya zaidi, studio iliyopewa kazi ilikabidhiwa kodi ambayo haikuwa ya mwisho, ikiwa na makosa ambayo yalishasahihishwa kabla gemu haijatoka mara ya kwanza, ikawa wanapambana na makosa ya zamani na mapya kwa pamoja. Na pale pia ukungu uliharibiwa! Silent Hill 2 ukungu ndo hofu yenyewe, kwenye HD ukawa mwepesi kiasi kwamba unaona ziwa linapoishia. Miaka ile kampuni zilikuwa hazitunzi, gemu likishauzwa hadi kompyuta za kazi zinafutwa.

Ukitaka kuona kazi iliyofanywa kwa adabu tafuta Shadow of the Colossus. Ya kwanza 2005 PS2, Bluepoint wakaipandisha PS3 2011, alafu wao wao wakaitengeneza upya kwa PS4 2018. Walikuwa wameshaishi na lile gemu miaka, na inaonekana. Nyasi, manyoya ya yale majitu unayopigana nayo, mwanga, vyote vipya lakini ule upweke wa kupanda farasi kwenye nchi tupu haukuguswa.

Sasa mleta mada, kuhusu PS2. Ukinunua leo tatizo la kwanza lenzi, nyingi zimechoka zinasoma diski kwa kubahatisha. Mafundi siku hizi wanakuwekea Free McBoot, programu ya kufungulia magemu bila diski, kwenye memori kadi, magemu yanasomwa kwenye flashi, lenzi haitumiki kabisa. Ila flashi ya PS2 ni USB ya zamani iko taratibu, video za hadithi zinaweza kukatakata, mwambie fundi mapema. Tatizo la pili tivi. PS2 ukiichomeka kwenye flati ya inchi 50 itaonekana mbaya hadi utajiuliza ndo hii tuliyokuwa tunaicheza? Picha zile zilichorwa zikijua zitaonekana kwenye tivi ya chogo, nukta zinachanganyikana zenyewe, ncha zinalainika, rangi zinaiva. Kwenye flati kila nukta inasimama peke yake. Kama unaweza kupata chogo la inchi 21 kwa mtu anayetaka kulitupa, lichukue, na hata waya mzuri wa komponenti unasaidia kama tivi yako ina matundu yake.

mwana_wa_Temeke

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Ile habari ya nati ya donati nimeitafuta picha nimeiona, kweli inasikitisha.

Nilivyoelewa ni kwamba kucheza kwa raha na kumwonyesha mdogo wangu, hii ya PS4 baada ya patchi inatosha. Kusikia redio yote na kuona gemu kama lilivyokuwa, PS2. Bahati nzuri kwa bibi kuna chogo, Sony, bado linawaka, hakuna anayeliangalia tangu king'amuzi kiende kwenye flati.

Nimebakiwa na maswali madogo. Hiyo patchi inakuja yenyewe au? Intaneti yangu ni ya bando la simu. Na huo mwanga wa zamani unawashiwa wapi? Na zile Liberty City Stories na Vice City Stories zimo humo au hazimo?

Otis_254

Hazimo bro, ni zile tatu tu. Hizo mbili zilikuwa za PSP, zikaenda PS2, mpaka leo hazijawahi fanyiwa rimasta ya konsoli. Kama una simu nzuri PPSSPP, app ya kuchezea magemu ya PSP, inazicheza fiti.

Patchi PS4 itakuuliza yenyewe ukiwa na intaneti. Ukinunua kwa mtandao unashusha gemu ikiwa tayari na patchi ndani, kwa hivyo hulipii bando mara mbili. Ukinunua diski ndio utaweka ya zamani kwanza alafu ushushe marekebisho juu yake, na bila hayo marekebisho unapata ile ya 2021 ambayo watu walilia. Kwa mtu wa bando mimi ningesema tafuta mahali kuna waifai uiache PS4 ishushe usiku.

Mwanga ingia kwa setingi upande wa picha, utaona chaguo la Classic Lighting, weka on. Fanya hivyo kwa kila gemu, ziko tatu zimejitegemea.

Zai_anacheza

Na hilo chogo la bibi lisiuzwe kwa mnunua vyuma tafadhali.

fundi_pedi_Mwanza

Mkuu ukishaiweka PS2 kwenye hilo chogo nenda saa kumi na moja jioni ya ndani ya gemu, simama pale Grove Street mbele ya nyumba ya CJ, alafu fanya hivyo hivyo kwenye PS4 mwanga wa zamani ukiwa on. Piga picha zote mbili uziweke hapa. Nataka tulinganishe ile rangi ya chungwa wamefika wapi.